Mluzi Chini ya Boneti

Vijana wangu, mkiniona nimekaa kwenye benchi la gereji pale Rusimbi, msidhani nimekuja kuota jua. Nakuja kusikiliza. Macho yangu yamepungua nuru na magoti hayataki tena kuingia chini ya gari, ila masikio Mungu ameniachia. Gari likipita nasema lina nini, nanyi mnakimbia kuhakikisha. Nikipatia mnanyamaza. Nikikosea mnacheka mpaka mnaangusha spana.

Juzi mmoja wenu kaniuliza, "Mzee Sudi, gari gani lilikutesa kuliko yote?" Nadhani alitegemea nitaje yale malori ya zamani yaliyokuwa yakihamisha watu na mabati yao kwenda vijiji vya ujamaa. Hapana. Malori yale yalikuwa na magonjwa ya wazi: springi imekatika, redieta inavuja, basi. Gari lililonitesa lilikuwa dogo, jekundu, la viti viwili, la spoti, lenye paa la turubai. Na kilicholiumiza kilikuwa kipande cha mpira kisichozidi urefu wa mkono wangu.

Siku hizi mnachomeka kimashine kwenye gari nacho kinawatajia kosa. Ni jambo jema, na mimi ningekuwa nacho nisingekuwa nalala na grisi sikioni. Lakini kimashine hakitakuambia kwamba kuna gari linaloumwa mlimani tu. Hilo mpaka upande mlima.

Gari lenyewe lilikuwa la Bi Feza, mkunga wa zahanati kule Ujiji. Mama mrefu, mweusi wa kung'aa, mzaliwa wa ng'ambo, Kalemie, aliyeletwa huku na ndoa. Mumewe, marehemu Kalonda, alikuwa mchuuzi wa vitenge. Vita vilipochafua Kongo watu walivuka ziwa na magodoro, masufuria, mbuzi. Kalonda alivuka na gari la spoti. Alikuwa amelinunua kwa Mbelgiji aliyekuwa anakimbia, akalipakia kwenye tishari lililobeba mbao, akasimama kando yake safari nzima akilishikilia kama mtu aliyeshika ng'ombe wa mahari. Ujiji nzima ilishuka ufukoni kulitazama. Lilikuwa chini kama chura. Ukikaa ndani, makalio yako yanaijua barabara jiwe kwa jiwe. Ilibidi fundi aliyenifunza kazi aliongezee majani ya springi kabla halijaweza hata kufika Bangwe bila kukwaruza tumbo.

Kalonda hakulifaidi sana. Homa ilimchukua upesi. Bi Feza alipotoka eda, watu walidhani atauza. Yeye akaenda uwanja wa mpira na dereva mmoja jirani, akajifunza kuendesha. Kuku wa Ujiji waliona mengi mwezi ule. Halafu tukashangaa kumwona mkunga na kilemba chake cheupe anapita na gari jekundu, mkoba wa kazi umekaa kiti cha pili kama abiria, anakwenda vijijini kuzalisha. Zahanati haikuwa na gari. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vipya huko milimani, na zahanati za huko zilikuwa bado misingi ya matofali. Mwanamke akishikwa na uchungu mbaya, alibebwa kwa machela, au alingoja gari la Bi Feza.

Basi gari hilo likaanza kuumwa.

Ugonjwa wake ulikuwa hivi. Mjini linakwenda vizuri kabisa. Linapanda mlima vizuri pia. Lakini likishafika juu, injini imepata moto, Bi Feza akiondoa mguu kwenye mafuta ili akate kona au asimame, injini inaanza kutetemeka kama mtu mwenye malaria, kisha inazimika. Breki nayo inakuwa ngumu kama anakanyaga jiwe. Na kabla ya kuzimika, kutoka chini ya boneti unasikika mluzi. Mwembamba, mrefu, unapanda na kushuka. Fiiiiii. Likikaa likapoa, linawaka tena kama halijawahi kuumwa.

Sasa jueni kwamba marehemu Kalonda enzi za uhai wake hakupita mtaani bila kupiga mluzi. Watoto walimjua kwa mluzi kabla ya sura. Mnaona wenyewe maneno yalipokwenda. Wakasema ni yeye, hataki mkewe aende mbali, ndiyo maana kila akifika mlimani anamzimia gari.

Aliyeshikilia neno hilo kuliko wote alikuwa shemeji yake Bi Feza, Mzee Assani, kaka mkubwa wa marehemu. Mtu mpole, mwenye duka la chumvi na dagaa, lakini kwa gari lile alikuwa mkali. Alikuja gereji siku moja nikiwa nimeinama kwenye injini.

"Fundi, unatengeneza nini hapo?"

"Natafuta ugonjwa, Mzee."

"Hilo halina ugonjwa. Ndugu yangu hajapumzika. Mwambie shemeji auze, auzie mtu wa mbali, Tabora huko."

Bi Feza alikuwa amekaa kwenye tairi, anangoja. Akasema bila kuinua sauti, "Shemeji, Kalonda alinipenda. Hawezi kunizimia gari nikiwa na mzazi ndani."

"Basi ni nini?"

Hapo Bi Feza akanigeukia mimi, nami nikarudi kuinama kwenye injini.

Nilikuwa kijana wa kufanya kazi chini ya Fundi Yakobo. Huyu alikuwa Muha wa Kasulu, aliyejifunza ufundi kwenye vyumba vya injini za meli za ziwani tangu kabla ya Uhuru. Mtu wa maneno machache. Ukimsalimia "Shikamoo" anaitikia "Ego, marahaba," yaani ndiyo kwa Kiha, halafu siku nzima humsikii tena. Lakini alikuwa na neno moja ambalo alilirudia mpaka likaniingia kwenye damu: "Injini inapumua kama mtu. Kabla hujauliza mafuta, kabla hujauliza moto, uliza pumzi inaingilia wapi."

Niwape mfano mmoja ndipo mtanielewa. Lililetwa kwetu lori la kijiji fulani. Dereva ameapa kwamba pampu ya mafuta imekufa, maana lori linakwenda kidogo linazimika, linakaa, linawaka, linakwenda kidogo tena. Mimi nikaanza kufungua pampu. Fundi Yakobo akanipiga mkononi kwa kitambaa, akazunguka nyuma, akatazama tangi. Kifuniko cha tangi kilikuwa kimepotea, na dereva, kwa usafi wake, alikuwa ameziba mdomo kwa nailoni na kuukaza kwa mpira wa baiskeli, barabara kabisa, hata pepo asingeingia. Fundi Yakobo akachomoa pini kwenye kola yake, akatoboa nailoni. Tukasikia tangi likivuta hewa kwa kiu: shuuu! Lori likaondoka. Dereva alikuwa amelinyonga tangi lake mwenyewe.

Kwa hiyo gari la Bi Feza lilipokuja na ule mluzi, mimi na Fundi Yakobo tulikubaliana kwamba ni pumzi. Mahali fulani injini ilikuwa inavuta hewa isiyopaswa kuingia. Lakini wapi? Tulifungua kabureta zote mbili, tukasafisha, tukafunga. Tukakata gasketi mpya kwa karatasi ngumu. Tukawasha injini, tukapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo ili tuone litavutwa wapi. Halikuvutwa popote. Gereji gari lile lilikuwa mtoto mwema. Linaunguruma taratibu, breki laini, mluzi hakuna. Bi Feza analichukua, anashukuru, anapanda mlima, anarudi gari limefungwa kamba nyuma ya lori.

Mafundi wengine walishakata tamaa na kuanza kumpa nasaha. Mmoja akamshauri amwite shehe. Mwingine akamshauri aendeshe tambarare tu, kana kwamba wanawake wa tambarare ndio pekee wanaozaa.

Mara ya mwisho Bi Feza alipoletwa na lori, alishuka na matope hadi magotini, akaja akasimama mbele yetu.

"Fundi Yakobo, leo nilikuwa na msichana ndani, anatoka damu. Tumekaa njiani tunangoja gari lipoe. Amepona kwa rehema za Mungu. Likinizimikia tena nikiwa na mgonjwa, nampa shemeji ufunguo. Siwezi kuwa mimi ndiye ninayewachelewesha."

Fundi Yakobo alifuta mikono. Kisha akaniambia mimi, "Ugonjwa wa njiani hutibiwa njiani. Kesho panda naye."

"Nikae wapi, Fundi? Viti viwili."

"Kimoja chake. Kingine cha nani?"

Asubuhi tukaondoka. Nilikuwa na bisibisi, koleo, kisu, na kipande cha mpira mrefu mwembamba alichonipa Fundi. Ncha moja unaweka sikioni, nyingine unaitembeza kwenye injini kama daktari. Mkoba wa Bi Feza niliupakata. Tukapita Mwanga, tukapita Mwandiga, tukaanza kupanda. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake na barabara ilikuwa nyekundu, inateleza. Michikichi ikabaki chini yetu, migomba ikaanza. Bi Feza aliendesha akiwa ameinama mbele, kidevu karibu na usukani.

Nikamwambia, "Bi Feza, tukifika juu ukiondoa mguu, ikianza mluzi, usiizime. Ishikilie kwa mafuta kidogo kidogo, mimi niruke nifungue boneti."

"Na ikizimika?"

"Tutawasha tena na tena mpaka tuone."

"Na tusipoona?"

"Tutaona. Sishuki kwenye gari hili mpaka nione."

Alinitazama kwa pembe ya jicho, akacheka kidogo. "Una kichwa kigumu, Sudi. Ungekuwa mtoto tumboni ungenisumbua."

Tulifika juu, mahali kijiji kipya kilipoanza, nyumba zimepangwa kwenye mstari. Akaondoa mguu. Fiiiiii. Ndugu zangu, nywele zilinisimama. Unaweza kuwa fundi, unaweza kujua ni hewa, lakini ule mluzi ulikuwa na roho ndani yake.

Kabla sijafungua mlango, mwanamume akaja mbio kutoka nyumba ya pili, shati wazi, miguu mitupu.

"Mama mkunga! Mungu amekuleta! Ni Nestoria, mke wangu. Tangu jana. Mkono wa mtoto umetoka, mwenyewe hatoki."

Bi Feza hakuuliza jambo la pili. Alininyang'anya mkoba. "Shika mafuta, Sudi, kaa na gari," akaenda na yule bwana, aliyeitwa Andrea.

Nikaita kijana mmoja aliyesimama pale, nikamwonyesha jinsi ya kukanyaga mafuta kidogo kidogo, mimi nikafungua boneti. Injini ilikuwa inatingishika. Nikaweka mpira sikioni, nikatembeza ncha. Kabureta, kimya. Gasketi, kimya. Nikaipeleka nyuma, chini, kati ya injini na ukuta wa gari, mahali usipopaona kwa macho. Mluzi ukanipasua sikio.

Nisikilizeni hapa vizuri, wale mnaoandika andikeni. Pistoni ikishuka inavuta hewa kwa nguvu. Waliotengeneza magari yale waliona nguvu hiyo ya kunyonya isipotee bure. Wakatoa mpira kwenye manifodi, lile bomba linaloigawia mitungi hewa na petroli, wakaupeleka kwenye kopo la chuma linalomsaidia dereva kukanyaga breki. Sisi tuliliita haidrovaki. Sasa mpira huo ukipasuka au ukichomoka, unapata balaa mbili kwa mpigo. Injini inakunywa hewa tupu, inatetemeka na kuzimika hasa ukiondoa mguu, maana hapo ndipo inaponyonya kwa nguvu zaidi. Na lile kopo linakosa mvuto, breki inakuwa mawe. Dereva atakwambia ana magonjwa mawili. Ana mmoja.

Tulikuwa tumeutazama mpira ule gereji. Kwa juu ulikuwa mweusi, mzima. Lakini kwa chini, pale unapoingia kwenye manifodi, ulikuwa umekauka na kupasuka kwa urefu. Gari likiwa baridi, ufa unajifunga. Likipanda mlima, injini inapata moto, inajipinda kwenye vitako vyake, ile mipira inayoibeba, vilivyochoka, inauvuta mpira, ufa unafunguka kama mdomo. Ndiyo maana hatukuuona. Nilinyoosha mkono nikaugusa tu. Ukachomoka wote ukanibakia kiganjani, mkavu kama ganda la muwa. Injini ikazimika.

Furaha yangu haikufika popote. Bi Feza alitoka ndani anakuja mbio, na sikuwahi kumwona akikimbia.

"Huyu hawezi kuzalia hapa. Mtoto amekingama tumboni. Ni hospitali, kupasuliwa, na ni sasa. Gari?"

Nikamwonyesha mpira. "Nimeuona ugonjwa. Mpira umechomoka, ncha imeoza. Nikikata iliyooza, unakuwa mfupi, haufiki."

"Huwezi kuziba?"

"Naweza kuchonga kijiti nizibe tundu. Injini itakwenda vizuri. Lakini breki hutakuwa nazo za kutosha."

Sote wawili tukageuka kuutazama mteremko tuliotoka. Matope, kona juu ya kona, na upande mmoja bonde.

"Wanamwandaa," akasema Bi Feza. "Wanamfunga nguo, wanamtoa. Muda huo ndio wako. Ukiweza, nipe breki. Ukishindwa, ziba, twende hivyo hivyo."

"Nipe mpira wowote ulio nao kwenye mkoba."

Alikuwa na mpira wa kuingizia maji, ule mwekundu, laini. Nikakata kipande. Nikakata ncha mbovu ya ule wa zamani, nikaunga. Kijana akawasha. Injini ikatulia, lakini breki ilikuwa jiwe vilevile. Nikatazama: mpira mwekundu ulikuwa umebanwa bapa kama utepe. Mvuto wa injini ulikuwa unaukunja, njia inafungika. Hilo ndilo kosa la wengi, kudhani mpira ni mpira. Mpira wa kupitisha maji unasukumwa kwa ndani, unavimba. Mpira wa mvuto unanyonywa, unasinyaa. Lazima uwe mgumu wa ukuta, ama uupe mbavu.

Mbavu! Baiskeli ya Andrea ilikuwa imeegemea ukutani, na nyuma yake kuna waya laini wa kufungia mizigo.

"Bwana Andrea," nikamwita alipotoka ndani, "naomba waya wako."

Hakuuliza. Aliufungua kwa meno. Nikavunja kijiti chenye unene wa penseli, nikauzungusha waya kwa kuukaza, pete kando ya pete, yeye anashika ncha moja, mimi navuta. Nikamwambia, "Kaza. Kaza zaidi. Hizi ndizo mbavu za breki." Akakaza. Nikachomoa kijiti, ikabaki springi. Nikaisukuma ndani ya mpira mwekundu, nikauvika upande mmoja kwenye manifodi na mwingine kwenye mpira wa zamani, nikafunga kwa waya uliobaki na kusokota kwa koleo.

Sasa jinsi ya kupima. Zima injini. Kanyaga breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Shikilia mguu hapo hapo usiondoe, kisha washa. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu wako, mvuto umefika. Isiposhuka, usiondoke.

Nilikaa kwenye usukani, nikakanyaga, nikashikilia, nikawasha. Pedali ikashuka. Ilishuka taratibu, kama mtu anayekubali jambo baada ya kubishana sana.

Wakamleta Nestoria. Msichana mdogo tu wa umbo, uso umekuwa wa kijivu, ila macho yako wazi. Wakamlaza kwenye kiti cha abiria. Bi Feza akapanda nyuma, pale kwenye kijinafasi cha kukunjia paa la turubai ambapo hata mbuzi angelalamika, akajikunja, mikono yake ikapita juu ya kiti hadi kwa mgonjwa.

"Bi Feza, nani anaendesha?"

"Wewe. Mikono yangu ina kazi."

Mama mkwe wa Nestoria akasogea, akamshika mkwewe kichwa, akatuaga kwa Kiha, "Mugende amahoro," nendeni kwa amani. Andrea akadaka baiskeli yake.

Kushuka mlima kuna sheria moja: gia unayohitaji kupandia ndiyo unayoshukia. Nikaweka ya pili, nikaacha injini iubebe uzito, breki nikazigusa kidogo kidogo na kuachia, maana ukizikalia moja kwa moja zinachemka na kukukana. Kila nikigusa, nasikiliza. Mluzi hakuna. Najiambia, waya wa baiskeli huo, Sudi, waya wa kufungia mikungu ya ndizi.

Nestoria alinishika mkono wa shati. "Fundi," akasema kwa pumzi, "usikimbie sana. Usisimame pia."

"Sawa, dada yangu."

Tulipofika kwenye kona iliyobanwa na mwamba, mbele yetu likatokea lori limejaa miti ya kujengea, linapanda, limeshika barabara yote. Dereva wake akapiga honi. Sikuwa na pa kwenda: kulia mwamba, kushoto bonde. Nikakanyaga.

Breki zikashika. Gari likateleza kidogo kwenye matope, likanyooka, likasimama, boneti yetu iko chini ya pua ya lori. Na injini haikuzimika. Ilikuwa inaunguruma pale taratibu, bila mluzi, bila kutetemeka. Nyuma yangu nikamsikia Bi Feza akisema, "Alhamdulillahi," kisha kwa sauti nyingine kabisa, kumwambia dereva wa lori, "Rudi nyuma wewe! Hujaona kuna mzazi?" Lori zima na miti yake likarudi nyuma.

Hospitali walimpokea Nestoria kwa machela, na Bi Feza akaingia naye. Mimi nilibaki nje nimekaa kwenye ngazi. Baadaye Andrea akafika, baiskeli na yeye ni tope moja. Akakaa kando yangu. Tulitazama mlango tu, kila ukifunguka tunasimama, tunakaa.

Bi Feza alipotoka alikuwa ameshika kilemba chake mkononi.

"Wa kiume," akamwambia Andrea. "Mkono umevimba, lakini analia kama ana kesi. Na mama yake ameniuliza kama umekula."

Andrea alijifunika uso kwa mikono yake yote miwili, akalia mbele ya watu, na hakuna aliyemwambia mwanamume halii.

Ule mpira uliopasuka, ile ncha niliyoikata, niliurudisha gereji. Fundi Yakobo aliugeuza geuza, akasema, "Ego," basi. Lakini kesho yake alikwenda bandarini kwa marafiki zake wa melini, akarudi na kipande cha mpira mnene wa ukuta, unaostahimili moto, akaufunga mwenyewe kwa klipu za chuma. Akabadili na vitako vya injini, akavichonga kwa mpira wa tairi la lori.

Mzee Assani alikuja akatukuta, Bi Feza naye yupo. Nikampa ule mpira wa zamani, nikamwambia, "Mzee, huu ndio uliokuwa unapiga mluzi." Aliutazama. Kisha, msinicheke, akauweka mdomoni akapuliza kwenye ufa. Fiiiiii. Ule ule. Tulitegemea atacheka au atakasirika. Akakaa chini kwenye lile tairi.

"Kumbe ni mpira," akasema.

"Ni mpira, Mzee."

"Siku zile gari liliporudi lenyewe toka mlimani, bado lina moto, nilikuwa nikiusikia mluzi unapita dukani kwangu, natoka nje. Kila mara natoka nje." Akafuta macho. "Shemeji, usiuze. Endesha." Hakulisema tena jambo hilo maisha yake yote.

Mngedhani Bi Feza angeridhika hapo. Wiki iliyofuata alikuja gereji asubuhi, akavua kilemba, akakunja mikono ya gauni. "Nifundishe," akasema. "Siwezi kukubeba kila siku, nafasi ya turubai si ya binadamu." Nikadhani ni utani. Akachukua koleo. Nilimfundisha kufungua klipu, kukata mpira sawasawa, kuuvika bila kuukunja, kutengeneza mbavu za waya kwa kijiti, na kupima pedali. Alikosea, akarudia. Waya ulimchoma vidole, akavinyonya, akarudia. Fundi Yakobo alikuwa amesimama mlangoni, na nilimwona akitabasamu, jambo ambalo mtu angeweza kufanya naye kazi miaka asilione.

Bi Feza aliporidhika tukatoka kulijaribu gari, yeye kwenye usukani, mimi kiti cha pili. Tukapanda hadi kilima cha kutazamia ziwa, gari likaimba vizuri, milima ya Kongo ng'ambo inaonekana kama imeoshwa. Kwenye njia ya kurudi, mzee mmoja akatupungia mkono, akasema kuna binti yake kwenye kambi ya wavuvi upande wa Bangwe ameshikwa na uchungu tangu alfajiri.

Bi Feza akasimamisha gari. Akanitazama, akautazama mkoba wake niliokuwa nimeupakata, akautazama tena uso wangu.

"Unangoja nini, Sudi? Kiti hicho nakihitaji."

Nikashuka. Akaupokea mkoba, akauweka kitini, akamwambia yule mzee apande aushike. Wakaondoka. Nikarudi Rusimbi kwa miguu, jua kali, viatu vimejaa mchanga, na sijawahi kufurahia kutembea namna ile.